Mambo ya Kale Yanaonekana Kutoka Mamboleo

Mpwa wangu anaosha vyombo melini. Ndivyo anavyosema mwenyewe, ingawa mkataba wake unaiita kazi hiyo kwa jina refu zaidi. Meli yenyewe si yale majumba yanayoelea tunayoyaona kwenye televisheni, yenye bwawa la kuogelea na abiria elfu nne. Ni chombo kidogo cha wageni wachache, kinachopita kandokando ya pwani ya Uturuki na visiwa vya Ugiriki. Kila siku hutia nanga kwenye hori jingine, wageni wakashuka kuangalia nguzo, makaburi na kumbi za watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa simu: barabara ya marumaru, nguzo pande zote mbili, watalii wenye kofia. Chini yake kaandika, "Mjomba, hii ndiyo Efeso. Ile ya Paulo. Laiti kwetu kungekuwa na kitu kama hiki!"

Ujumbe ulinikuta Mamboleo, kwenye kibanda cha chai karibu na njia panda, pale barabara ya Kakamega inapoachana na ile ya Miwani. Nikaisoma mara mbili ile "laiti kwetu". Nikalipa chai, nikapanda bodaboda hadi Riat.

Siku isiyo na ukungu, ukisimama Riat unaiona Kisumu yote imelala chini kama mkeka ulioanikwa: uwanja wa michezo wa Mamboleo ulioandaliwa kwa sherehe za Madaraka za 2021, viwanja vya maonyesho ya kilimo, mabati ya Kondele, halafu maji. Mbali kabisa, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, unainuka mlima Homa, wa samawati, pweke. Nikaupiga picha. Ikatoka mbovu, mlima ukaonekana kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikamtumia hivyohivyo, nikaandika: "Na hii je?" Akanijibu kwa alama ya kuuliza.

Basi nimjibu kwa kirefu.

Kwenye rasi ya Homa, chini ya mlima ule, kuna mahali panapoitwa Nyayanga. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Marekani walichimbua pale zana za mawe 330, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Walipotangaza matokeo Februari 2023, walikadiria umri wa mahali hapo kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Palikuwa pia na magego mawili ya Paranthropus, binamu yetu ambaye ukoo wake ulikatika bila mrithi. Mwaka 2025 timu hiyo ikaongeza jambo jingine: baadhi ya mawe yaliyochongwa pale hayakuwa ya pale, yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Kilomita 13 ni karibu sawa na kutoka Mamboleo kwenda mjini na kurudi, kwa miguu, na jiwe mkononi, kwa sababu mawe ya karibu hayakati vizuri. Anayefanya hivyo anapanga. Anajua leo atakachohitaji kesho. Sijui kama yule mchinjaji alistahili kuitwa mtu, ila ninawajua watu wazima pale njia panda wasiopanga kiasi hicho.

Ukilinganisha na Nyayanga, marumaru ya Efeso ni ya jana asubuhi.

Lakini jambo linalonishangaza zaidi si umri. Ni kwamba mchinjaji yule hakuliona ziwa. Wanajiolojia hukadiria kuwa Ziwa Victoria lilianza kutanda miaka kama 400,000 iliyopita, ardhi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea magharibi. Hata baada ya hapo limekauka na kujaa tena. Mara ya mwisho lilikuwa kavu miaka kama 17,000 iliyopita, wakati binadamu kama sisi wakiwa tayari wametapakaa duniani. Kule Mediterania bahari ndiyo mzee, na miji ni wajukuu zake. Efeso ilikuwa bandari. Mto ukaleta matope, gati zikajaa, wenye meli wakahama, mji ukafa, na leo wageni wa mpwa wangu hushuka Kuşadası kisha wakapanda basi kwenda kuutazama mji uliokuwa ukiguswa na mawimbi. Kwetu mambo yamepinduka. Mabaki ndiyo wenyeji na maji ndiyo mgeni. Bahari iliiacha Efeso; ziwa liliifuata Rusinga hadi ilipo, likaifanya kisiwa.

Na kwa kuwa nimetaja matope, niwakumbushe wenzangu wa Kano kwamba mto Nyando una kazi ileile. Kila masika unashusha udongo wa mashamba na miteremko iliyonyolewa miti hadi ghubani, mahali ambapo maji tangu hapo ni ya kina kifupi. Ongeza magugu maji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia kuifunga bandari ya Kisumu kama zulia la kijani. Anayetaka kujua jinsi bandari inavyokufa hana haja ya tiketi ya ndege.

Hata hivyo, tusimcheke kijana. Alisoma hapahapa, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyewahi kuwapeleka Nyayanga, Rusinga au Mfangano. Walipelekwa Nairobi kuona simba. Tena kwa barabara mambo haya yako mbali kweli. Kutoka Mamboleo hadi Rusinga unazunguka ghuba yote: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Ukifika umechoka, umetikiswa, na jua limepinda. Njia nyingine ni kupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, uvuke kwa feri hadi Mbita. Humo ndimo nilimoanza kuelewa. Mara tu feri inapoacha ufuo, vile vitu ambavyo kwenye ramani ya barabara vimetawanyika kama kuku wa jirani vinajipanga vyenyewe. Milima ya Gembe iko pale. Rusinga ile. Mfangano nyuma yake. Homa kushoto. Unatambua kwamba ni nyumba moja, na umekuwa ukiizunguka kwa nyuma siku zote bila kupita mlangoni.

Mlango huo ulikuwa wazi zamani. Reli ilipofika hapa Desemba 1901 na mji ukaitwa Port Florence, haikuja kwa ajili ya Kisumu. Ilikuja kwa ajili ya maji. Meli ndogo William Mackinnon ilikuwa imeshaletwa vipandevipande, vingine kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa ufuoni na kushushwa ziwani mwaka 1900, kabla reli haijafika. Churchill alivuka ziwa hili mwaka 1907 kwa meli Clement Hill, na Roosevelt akafuata miaka miwili baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege zinazotua majini zilizotoka Southampton zilipitia Athens na Alexandria, zikafuata Nile, kisha zikatua hapa Kisumu. Kwa maneno mengine, kuna wakati Mediterania na Winam zilikuwa vituo vya safari moja, kwa tiketi moja. Na wazee wa Kisumu wanaikumbuka Victoria ya 1961, iliyobeba abiria, mikungu ya ndizi na maharusi kati ya bandari za nchi tatu, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na wakubwa wakagawana meli kama ndugu wanaogombea vyombo vya marehemu. Victoria ikaenda Tanzania, ambako bado ipo kwa jina jingine.

Hata safari ya boti ndogo ya kutembelea mambo ya kale si wazo geni hapa. Watafiti Louis na Mary Leakey waliifanya mwaka baada ya mwaka. Baada ya Mary kuokota fuvu maarufu la Rusinga mwaka 1948, tajiri mmoja wa London akawapa fedha, nao wakapata boti waliyoiita Miocene Lady. Walilala humo, wakapikia humo, wakitoka kisiwa hiki kwenda kile na nyundo zao. Walichofanya ndicho wageni wa mpwa wangu wanachokilipia sasa, isipokuwa Leakey walirudi na magunia ya mifupa.

Nikipewa boti leo, hivi ndivyo ningeipitisha. Kituo cha kwanza ningeshusha watu Kendu Bay, watembee hadi Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililokaa kwenye bakuli la volkano, mviringo kabisa. Wataalamu wana maelezo yao ya mlipuko. Wenyeji wana yao: bibi kizee aliyefika kijijini usiku wa sherehe akafukuzwa kila mlango, ila mama mmoja tu akampokea, usiku ule maji yakapanda yakameza kijiji na ngoma zake. Ningependa wageni wasikie masimulizi yote mawili wakiwa wamekaa pale ukingoni, na asiwepo mtu wa kuwaambia lipi la kuamini. Mlima wa Gendia, ambako Wasabato walijenga misheni yao mwaka 1906, uko karibu, na anayetaka apande.

Kisha Kanam, kwa sababu ya kisa kimoja tu. Mwaka 1932 Leakey alipata pale kipande cha taya ambacho alidai ni cha binadamu wa kale mno. London ikamtilia shaka. Wakamtuma profesa wa jiolojia aje ajionee kwa macho. Leakey alikuwa ameweka alama mahali pa ugunduzi kwa vigingi vya chuma, lakini waliporudi vigingi havikuwepo. Wenyeji walikuwa wameving'oa wakafulia zana zao za uvuvi. Chuma ni chuma. Leakey hakuweza kuonyesha mahali penyewe, picha aliyokuwa nayo ikagundulika ni ya mahali pengine, na profesa akaandika barua kali iliyochapishwa mwaka 1935 katika jarida la Nature. Karibu imharibie kazi. Kila nikisimulia kisa hiki watu hucheka, nami hucheka, halafu hujiuliza kwa nini katika miezi yote ile ya kuchimba hakuna aliyeona haja ya kuwaeleza wavuvi kwamba vile vyuma vinalinda nini. Linganisha na Nyayanga, ambako mwenyeji wa rasi ya Homa ndiye aliyewaelekeza watafiti mahali pa kuangalia.

Rusinga inahitaji siku mbili, na hapo ndipo ningekuwa mkali na ratiba. Kisiwa hiki na jirani yake Mfangano ni mabaki ya volkano ya Kisingiri. Majivu yake yalifunika msitu uliokuwepo miaka milioni 18 iliyopita, yakauhifadhi kwa uangalifu ambao hakuna kabati la makumbusho linaloufikia: mifupa, lakini pia mbegu, matunda, hata viwavi na panzi waliogeuka mawe. Fuvu aliloliokota Mary lilikuwa la nyani mkubwa asiye na mkia, na kwa miongo kadhaa aliitwa Proconsul. Jina hilo lina aibu yake. Lilitungwa mwaka 1933 kwa mabaki kama hayo kutoka Koru, hapo juu penye mashamba ya miwa, na mtaalamu wa London aliyetaka kufanya mzaha: alimaanisha "aliyemtangulia Consul", na Consul alikuwa sokwe wa maonyesho huko Uingereza. Mwaka 2015 wataalamu wakaamua kwamba wa Rusinga anastahili jenasi yake, wakampa jina Ekembo. Ni neno la Kisuba.

Kisuba! Lugha ya watu waliovuka maji kutoka upande wa Uganda karne kama tatu zilizopita, na ambayo leo UNESCO inaihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini, kwa kuwa watoto wa Rusinga wanaamka, wanacheza na kuota kwa Dholuo. Nyani aliyekufa miaka milioni 18 iliyopita amepata jina la Kisuba, na mtoto aliyezaliwa jana kwenye kilima kilekile huenda asijue maana yake. Nilimuuliza kijana aliyenitembeza pale kama analijua neno hilo. Akasema analijua, bibi yake alikuwa akimwita hivyo akipanda mapera.

Huwezi kutoka Rusinga bila kupita kaburi la Tom Mboya. Kijana wa miaka 38, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, baada ya kupeleka mamia ya vijana kusoma Marekani kwa ndege zile zilizoanza 1959. Jengo lina umbo la risasi, na ndani kuna picha na vitu vyake. Ni kaburi la juzijuzi tu, si la kale. Lakini nimeona jinsi watu wanavyonyamaza wakiingia, na ningewapa muda wanyamaze watakavyo.

Halafu Mfangano. Nilikwenda miaka michache iliyopita kwa boti ya mbao ndefu, ya injini moja, iliyochorwa nembo ya timu ya Uingereza upande mmoja na mstari wa Biblia upande mwingine. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwepo, nakiri. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba chini ya benchi, na fundo limekaza kiasi kwamba kuzama kungemaliza mambo kabla ya kulifungua. Nilipouliza, mwenye boti akaniambia nisiwe na wasiwasi, hajawahi kupoteza abiria. Mama mmoja aliyebeba karai la omena akaniangalia kwa huruma ya watu wa ziwa kwa watu wa bara.

Kupanda hadi Kwitone kulinitoa jasho. Juu, chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza, kuna michoro: miviringo ndani ya miviringo, myekundu na myeupe, mingine ina miali kama jua. Iko mingine Mawanga, pangoni. Watafiti huihusisha na Watwa, wawindaji waliokuwepo kabla ya Wasuba, kabla ya Wajaluo, kabla ya mtu yeyote anayedai hatimiliki leo. Waliofuata hawakujua waliochora, lakini walipaheshimu, wakawa wanapanda huko kuomba mvua. Nilisimama pale karibu saa nzima. Mchoraji alikuwa na ziwa mbele yake, hilihili, na alipogeuka kuuelekea mwamba alichora mviringo. Huenda ni jua. Huenda ni mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Mwongozaji wangu hakujaribu kunieleza maana, na kwa hilo nilimwongezea malipo.

Kwenye Mediterania wangekuwa wameshaweka mkahawa pale.

Thimlich Ohinga ndiyo inayoleta shida, kwa sababu haiko majini. Unashuka Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kisha unapanda gari kuelekea bara, kama wanavyofanya wale wa Kuşadası. Lakini ukiacha hiyo umeacha moyo wa safari. Kuta za mawe makavu, hazina saruji wala udongo wa kushikilia, zinazofika mita 4.5 kwenda juu. Milango ya kuinama, ili adui aingie kichwa kwanza. Mazizi ndani ya mazizi. Zilijengwa kuanzia karne ya 16 hivi, na jamii moja baada ya nyingine ikazirithi, ikazitengeneza, ikaishi humo. Jina lenyewe ni Dholuo, boma lililo kwenye msitu wa kutisha. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Nina marafiki waliokwenda Misri kuona piramidi na hawajawahi kufika Migori.

Sasa naijua hoja itakayoletwa, maana nimeisikia kwenye mikutano miwili mitatu. Wageni wanataka kuona kitu. Nguzo. Sanamu. Utawaonyesha kilima chenye vumbi na fuvu liko Nairobi? Ni hoja nzuri, na ni kweli fuvu liko Nairobi. Lakini ile picha ya Efeso, ukiifuata barabara ya marumaru hadi mwisho, unakuta ukuta mzuri wa maktaba ya Celsus, orofa mbili za nguzo. Ukuta ule ulikuwa rundo la vifusi. Wanaakiolojia wa Austria waliusimamisha upya, kipande kwa kipande, kati ya mwaka 1970 na 1978. Nilikuwa nimeshazaliwa. Magofu nayo hutengenezwa. Kuna mtu alikaa miaka minane akipanga mawe ili mpwa wangu apate kitu cha kupiga picha. Sisi hatujakaa hata miezi minane tukipanga maneno.

Na uzuri wa meli ndogo uko hapohapo. Meli kubwa inahitaji gati kubwa, nasi kila baada ya miaka michache tunaahidiwa meli ya kifahari ya kuzunguka ziwa, yenye vyumba vya kulala na muziki. Bandari yetu imekarabatiwa, mafundi wa Kisumu wameonyesha kwamba wanaweza kuunda meli hapahapa, na Uhuru, kivuko cha mabehewa cha mwaka 1966, kimerudi kazini. Hayo ni ya kupongeza. Lakini meli ya muziki itapita katikati ya ghuba usiku, taa zikiwaka, na asubuhi itarudi Kisumu bila abiria kujua alipita wapi. Uganda ilijaribu starehe za namna hiyo, na Novemba 2018 boti ya MV Templar ikazama na watu waliokuwa wakicheza dansi. Miezi miwili kabla, kivuko cha Nyerere kilikuwa kimeua zaidi ya watu 200 karibu na Ukara, huko Tanzania. Na nani amesahau meli ya Bukoba, Mei 1996? Ziwa hili halina mzaha. Asubuhi ni kioo. Mchana upepo unageuka, na dhoruba ikikukuta katikati utajua kwa nini wavuvi huandika Zaburi kwenye mbao za boti zao. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bei ya tiketi, tuzungumzie lile fundo la kamba chini ya benchi.

Tuzungumzie pia njia. Miaka ya 1980 Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo, mlango wa maji ukazibwa, boti zikalazimika kuzunguka kisiwa, na samaki, wavuvi wanasema, nao wakachanganyikiwa. Daraja lililofungua mkondo tena lilikamilika 2017. Zaidi ya miaka 30 hatukuona shida kuziba mlango wa maji ili gari lipite. Hicho ndicho kipimo cha jinsi tulivyolipa ziwa kisogo.

Ile pwani ya Uturuki anayoisifu mpwa wangu haikuanzishwa na wawekezaji. Mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı alihukumiwa kwa sababu ya hadithi aliyoichapisha, akapelekwa uhamishoni Bodrum, wakati huo kijiji cha wavuvi na wapiga mbizi wa sponji ambacho hakuna aliyetaka kukaa. Akapapenda. Kifungo kilipokwisha akarudi kwa hiari, akajiita Mvuvi wa Halikarnaso, kwa jina la kale la mji huo. Baadaye akaanza kuwachukua rafiki zake, waandishi na walimu, kwa mashua za wapiga mbizi, wakilala sitahani, wakila mkate na jibini, wakishuka kila penye gofu kulisoma. Waliiita Safari ya Buluu. Azra Erhat, mmoja wao, akaandika kitabu juu yake mwaka 1962. Hoteli, meli zenye viyoyozi na waosha vyombo kutoka Kisumu vilikuja baadaye sana.

Kwa hiyo sioni kwa nini tusubiri mwekezaji. Walimu wa Mamboleo na Kajulu wakichanga, boti ya mbao yenye injini mbili na jaketi ishirini zilizofunguliwa kamba inatosha. Tutalala Mbita, tutalala Sena kule Mfangano, tutakula ngege kwa kuni na ugali wa mtama. Mwongozaji awe mtu wa kisiwa, alipwe kabla ya safari, na mama wa omena apande bure kwa kuwa yeye anaujua upepo. Wageni wa nje wakitaka kujiunga karibu, kuna nafasi kwenye benchi.

Mpwa wangu ana likizo Desemba. Nimeshuka Dunga Jumapili iliyopita kuzungumza na kapteni mmoja, mtu wa makamo, mkimya. Nikamweleza njia yote: Kendu Bay, Kanam, Rusinga, Mfangano, Sori. Akasikiliza hadi mwisho huku akishona wavu. Akauliza tuko wangapi. Nikamwambia kumi na wawili, na mmoja wetu amezoea meli yenye jiko la chuma. Akauliza kama tunajua kuogelea. Nikamwambia wanne. Akakaa kimya kidogo, akakata uzi kwa meno, akasema tuondoke saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, na kila mtu aje amevaa jaketi yake tangu nyumbani.